Majani machachu: kwa lori kutoka Kisarawe hadi Lubumbashi

Ijumaa, Kisarawe

Mmea wenyewe una miba. Ni vimiba vidogo vilivyojikunja kuelekea chini, vimejipanga kwenye shina na kwenye vikonyo vya majani, na kazi yake si kuchoma bali kushika. Ukienda mbele unapita. Ukirudi nyuma, suruali inabaki nao. Ndivyo unavyopanda vichaka: haujisokoti kwenye matawi, unajining'iniza tu kwa miba yake. Hapa kwa mama mkwe umejaa pembezoni mwa shamba la mihogo, na masika yakikolea unatambaa mpaka kwenye uchochoro wa kwenda kisimani.

Jani lina ndimi tatu mpaka tano. Pale kikonyo kinapotokea shinani kuna vijani viwili vyenye umbo la sikio. Ua ni la njano, kitovu chake ni zambarau iliyokolea karibu na weusi. Asubuhi limefunguka, jioni limekwisha. Lakini ukitaka kuujua mmea huu bila shaka yoyote, lipindue ua uangalie chini yake. Kuna vijani vyembamba vimelizunguka, na kila kimoja kimegawanyika matawi mawili: moja jembamba limesimama, jingine limetanuka na kuwa bapa. Hapo umeshaupata: Hibiscus surattensis, ndugu wa rozela, ukoo mmoja na bamia. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika kwa jina hilo mwaka 1753, kwa sababu ya Surat, bandari ya India, ingawa Afrika ya joto umejaa kila upande.

"Tia mdomoni, baba," mama mkwe aliniambia, kana kwamba sijawahi kuula. Uchachu unakuja papo hapo, kwenye pembe za ulimi, halafu unaondoka bila kuacha uchungu. Yeye huchuma machache akipika mlenda au dagaa, hasa ndimu zikipanda bei. Majirani hawaugusi. Kwao ni gugu la kufyeka.

Nami nasafiri kwa sababu ya gugu hilo. Nafundisha biolojia sekondari, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba mboga wanayoila Wakongo, ngai-ngai, ni mtoto wa huu mmea wa miba wa pwani. Nimesoma, nimefundisha, ila ngai-ngai yenyewe sijawahi kuitia mkononi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana lori lake mwenyewe na anapeleka salfa Lubumbashi. Shule zimefunga. Nimeomba kiti.

Jumamosi, Ruaha Mbuyuni

Tumetoka Kibaha alfajiri. Mizani ya Vigwaza, halafu Chalinze, halafu Morogoro, ambako tulisimama kujaza maji. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa amepanga vifuko vya rozela kavu, vile vikombe vyekundu vya ua ambavyo sasa kila mwenye friji anatengenezea juisi. Nilimuuliza kama majani yake wanayala. Alicheka: majani wanaachia shambani.

Hili linanikera kidogo. Rozela ni mmea wa Afrika, na umetembea dunia kwa majani yake sawasawa na kwa maua. Kule Maranhão, kaskazini-mashariki mwa Brazil, ambako watumwa kutoka Afrika walipelekwa, majani hayo ndiyo roho ya cuxá, mchuzi wa ufuta na kamba wakavu unaoliwa na wali. Andhra Pradesh, India, wanayaita gongura na wanayatilia achari. Burma yapo sokoni kila siku. Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda nao wana malakwang yao, majani machachu ya ukoo huu huu yanayopikwa kwa siagi ya karanga au ufuta na kuliwa na viazi vitamu. Sisi tumechukua ua, tukaweka sukari, basi.

Nilimweleza shemeji haya yote mpaka tukamaliza mbuga ya Mikumi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shemeji, mimi nyama. Majani ni ya mbuzi."

Tumelala Ruaha Mbuyuni, katikati ya mibuyu na magunia ya vitunguu.

Jumapili, Makambako

Kitonga tuliipanda taratibu, gia ya chini, magari madogo yakitupita kwa fujo. Iringa, Mafinga, misonobari, baridi. Kuhusu mmea hakuna cha kuandika. Huku juu sikuuona, na jaketi nilikuwa nimeliacha nyumbani.

Baridi ile ndiyo iliyomfanya shemeji aulize maswali ili tusisinzie. Inakuwaje mmea wa miba wa Kisarawe uzae mboga ya Kongo isiyo na miba?

Nikamweleza. Wazazi ni wawili. Wa kwanza ni huyu wetu wa pwani. Wa pili ni Hibiscus asper, mmea wa nyika, unaosimama wima, umejaa vinywele vigumu vinavyoingia kwenye vidole. Kila mmoja ana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, 36, na kila mmoja humpa mtoto nusu yake, 18. Chotara naye anakuwa na 36, ila hazifanani. Ni sawa na mtu aliyepewa viatu vya kushoto vya Bata na vya kulia vya Adidas, idadi imetimia lakini hakuna jozi. Mmea wa namna hiyo hukua vizuri tu, mbegu ndiyo haupati. Lakini mara moja moja hutokea hitilafu wakati seli inagawanyika, kromosomu zote zikajirudufu, zikawa 72. Sasa kila kiatu kimepata mwenzake. Mbegu zinashika, na una aina mpya ya mmea ambayo haiwahitaji tena wazazi wake.

Na hili halikuishia kwenye kubahatisha. Miaka ya 1960 watafiti wawili wa Marekani, Menzel na Wilson, walikuwa wakipandikiza ndugu hawa wao kwa wao na kuangalia chini ya hadubini kromosomu za nani zinajipanga na za nani. Za ngai-ngai, seti moja ilijipanga na za mmea wa miba, nyingine na za ukoo wa asper. Jina la kitaalamu, Hibiscus acetosella, lilikuwa limeshachapishwa tangu 1896, kutokana na mimea ambayo mtaalamu wa mimea Welwitsch aliikusanya Angola.

Shemeji alinyamaza mpaka mizani ya Makambako. "Na mahari," akauliza, "alilipwa nani?"

Hakulipwa mtu, na wala hajulikani aliyeiona mara ya kwanza. Wataalamu wanadhani ilitokea huko kusini mwa Kongo, Angola na Zambia. Haijawahi kuonekana ikiwa ya porini tangu asili. Ukiikuta nje ya bustani, imetoroka bustani. Mimi nadhani iliota pembeni ya shamba la mtu, na mtu huyo, nahisi mwanamke, alipokuwa anapalilia akaonja kabla ya kung'oa.

Jumatatu, Tunduma

Uyole, Mbeya, Mbalizi, Vwawa, mvua njia nzima. Foleni ya malori imeanza mbali kabla ya mji. Tumezima injini.

Jumanne, Tunduma na Nakonde

Malori hayajasogea, watu wanasogea. Nimegongesha pasipoti na kuvuka kwa miguu mpaka soko la Nakonde, ambako Kiswahili kinaendelea kana kwamba hakuna mpaka. Mama wa mboga alikuwa na mafungu ya kalembula, ambayo ni matembele, na katapa, ambacho ni kisamvu. Fungu la tatu lilikuwa na majani ya ndimi nyembamba, mashina yamefifia wekundu.

"Lumanda hiyo, mwalimu," alisema, na sijui ualimu aliuona wapi. Labda miwani.

Nilitafuna moja. Ni uchachu ule ule wa Kisarawe, ila jani laini zaidi, na kikonyo hakikwaruzi. Ila wekundu wa shina hauthibitishi kitu. Huku Zambia jina la lumanda linabeba zaidi ya mmea mmoja: rozela ya majani na ngai-ngai zote huitwa hivyo, na bila ua sikuweza kuapa. Nilinunua mafungu mawili na karanga za kutwanga.

Sasa mapishi. Salfa haitaki moto karibu, kwa hiyo jiko la gesi tulilibeba mpaka nyuma ya kibanda cha mama ntilie, ambaye alitukubalia kwa sharti kwamba tununue chai yake. Nilichambua majani, vikonyo vigumu nikatupa. Maji kidogo yalipochemka nikayatumbukiza, na hapo utaona jambo ambalo hulioni kwa mchicha. Mchicha ukiuwahi unabaki kijani. Haya yanageuka rangi ya gwanda la mgambo ukiwa bado umeshika kijiko. Sababu ni asidi iliyomo ndani ya jani lenyewe: moto ukishapasua seli, asidi inaing'oa magnesiamu kutoka kwenye klorofili, na kijani kinakufa. Wageni hudhani wameunguza. Hawajaunguza kitu.

Nilimwaga maji ya kwanza nusu, nikatia nyanya, kitunguu, chumvi, kisha unga wa karanga, moto mdogo. Karanga ndiyo inayofuga ule uchachu. Nilipoosha sufuria, ndani ilikuwa inang'aa, mstari umejichora pale mboga ilipofikia: juu weusi wa siku zote, chini nyeupe. Asidi imesugua alumini. Ndiyo maana wanaojua huipika kwenye chungu au sufuria ya enameli, na mboga hii hawailazi kwenye alumini. Tena mwenye historia ya vijiwe vya figo asiizoee, maana asidi mojawapo iliyomo ni oksaliki.

Mama ntilie alionja, akaomba mbegu. Shemeji alikula ugali na yai.

Jumatano, Nakonde

Tumevuka. Jua limezama makaratasi yakigongwa muhuri wa mwisho.

Ijumaa, kati ya Mpika na Serenje

Jana ilikuwa kuendesha tu: Isoka, Chinsali, Mpika, barabara imenyooka, miti ya miombo kulia na kushoto mpaka macho yanachoka. Leo asubuhi tairi la tela lilipasuka, na wakati shemeji na tandiboi wake wanahangaika na jeki, mimi niliingia kwenye majani marefu kando ya barabara, kwenye shamba la mahindi lililoachwa.

Niliuhisi kabla ya kuuona. Vinywele vikavu viliniingia kwenye kiganja, karibu havionekani, na kila nikikunja ngumi vinauma. Mmea ulikuwa umesimama wima, unanifika kifuani, shina moja halina matawi mengi, maua ya njano yenye kitovu cha zambarau yamepandana kuelekea kileleni. Ukitazama ua kwa juu utasema ni ule wa Kisarawe. Nikalipindua. Vijani vya chini ya ua vilikuwa vyembamba, vimenyooka, havikugawanyika. Mzazi wa pili huyo, Hibiscus asper.

Nilikaa pale chini. Jani lake nalo ni chachu, lakini kwa unyonge. Sehemu nyingine za Afrika wanalila. Anayetaka kulichuma lakini avae glavu. Nikafikiria namna hawa wawili wangeweza kukutana. Mmoja anapenda vichaka vyenye unyevu, kingo za msitu, kutambaa juu ya wenzake. Mwingine anataka jua na ardhi iliyolimwa ikaachwa. Msituni hawakutani kirahisi. Wanaokutanisha mimea ya namna hii ni wakulima: anayefyeka msitu akalima, akaacha, akahamia mbele, anaacha nyuma yake ukingo wa msitu na shamba bovu vikiwa vimeshikana. Nyuki mmoja anatosha. Hilo ni wazo langu, sijalikuta kitabuni, lakini nikiwa nimekaa kwenye shamba la mahindi lililoachwa, ukingo wa miombo hatua chache mbele yangu, sikuona ugumu wa kuliamini.

"Shemeji!" tandiboi aliita. "Umejificha au unajisaidia?"

Vinywele nimevitoa kwa kibano cha nyusi nilichoazima kwa muuza duka wa Serenje. Bado viwili vimo.

Jumamosi, Chingola

Kapiri Mposhi, Ndola, Kitwe, Chingola. Mkanda wa Shaba, eneo la migodi la Zambia, umejaa malori kuliko watu. Nimelala njia nzima.

Jumapili, Kasumbalesa

Foleni nyingine. Madereva wameanika nguo kwenye vioo, kuna wanaocheza drafti, kuna wanaonyoana. Kiswahili cha Dar, cha Mombasa, cha Tabora, na kutoka upande wa pili Kiswahili cha Katanga, ambacho mara ya kwanza kinakufanya uombe mtu arudie.

Hapa ndipo niliuliza salfa yetu inakwenda kufanya nini. Shemeji anaibeba kila mara, na maelezo yake yalikuwa safi kuliko ya kitabu changu cha kidato cha tatu. Inachomwa, moshi wake unageuzwa kuwa asidi ya sulfuriki, asidi inamwagiwa mawe yaliyosagwa, shaba inayeyuka na kutoka. Shaba hiyo ndiyo anayorudi nayo Dar, ikiwa mabamba. Nikamwambia, basi na wewe unabeba uchachu. Akasema wake unalipa.

Jumatatu, Lubumbashi

Kutoka mpakani si mbali, chini ya kilomita mia. Mji unautambua kwa bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba cha zamani, na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini pembeni yake. Shemeji amekwenda kushusha mzigo. Mimi nimekwenda soko la Kenya. Ni mtaa, si nchi. Moja ya wilaya za mji huu inaitwa hivyo, na soko lake ni kubwa.

Ngai-ngai ilikuwa imerundikwa chini, kwenye turubai, aina mbili zimetenganishwa. Moja kijani, mashina yana wekundu kidogo. Nyingine nyekundu yote, jani na shina, wekundu wa divai. Niliishika ile nyekundu mkononi, nikaanza kuigeuza na kuitazama kwa jua, mpaka mwenye mali akaona hapa kuna kazi.

"Papa, weye unaitafuta nini? Njo ngai-ngai hii," alisema. "Iko mukali sana. Usitie ndimu."

Nilimwambia natafuta ua. Alitazamana na mwenzake. Ua haliliwi, papa. Kisha kwa huruma akanielekeza kwa dada yake mwenye bustani Katuba, nikamwone kesho.

Jumanne, Katuba

Bustani iko bondeni, matuta membamba, maji ya kumwagilia yanachotwa kwenye shimo. Mchicha, chinese, vitunguu vya majani, na kwenye ukingo mzima, badala ya uzio wa miti, ngai-ngai nyekundu imepanda kupita kichwa changu. Aprili siku zimeanza kufupika, na mimea ya jamii hii husubiri hilo ndipo ichanue. Maua yalikuwepo, ya rangi ya waridi iliyoiva, kitovu cheusi.

Nilipindua la kwanza. Kikombe cha ua ni chembamba, hakijavimba wala kujaa nyama. Kwa hiyo si rozela. Nikaleta jicho karibu. Vijani vyembamba chini ya ua, na nchani mwa kila kimoja, mgawanyiko. Si mkubwa, tena lile tawi bapa la Kisarawe limesinyaa, lakini upo. Yule mnyoofu wa Serenje hakuwa nao. Nilipapasa shina kutoka juu mpaka chini: laini. Miba yote imebaki njiani, kwa kuchaguliwa na mikono ya watu ambao kila mwaka walipendelea kuotesha ule usiowakwaruza.

Mwenye bustani alikuwa akinitazama. Nilimwonyesha picha ya mmea wa kwetu kwenye simu, akaikuza kwa vidole mpaka kwenye miba, akatikisa kichwa. Huo wa porini, alisema, hata kwao upo, lakini nani apoteze muda nao wakati huu upo?

Yeye haoteshi kwa mbegu. Anakata kijiti cha urefu wa shubiri, anakichomeka kwenye udongo wenye maji, kinashika. Alinikatia vijiti vingi, akavifunga kwa kamba ya mgomba. Ilinibidi nikatae: kuvusha mimea hai mipaka miwili bila cheti cha afya ya mimea ni kosa, na mwalimu akikamatwa na vijiti mkobani atawaambia nini wanafunzi? Alishangaa, kisha akavichomeka vyote pale pale, mstari mmoja.

Mchana akapika. Samaki wa chumvi aliyelowekwa tangu usiku, mafuta ya mawese, kitunguu, pilipili nzima isiyopasuliwa. Ngai-ngai aliichemsha peke yake kwanza, maji yakawa ya zambarau, akayamwaga. Majani yakabaki na rangi ya kahawia. Aliyasaga kidogo kwa mwiko, akayaunganisha na samaki. Hakutia karanga wala nyanya. Uchachu unakata mafuta ya mawese na chumvi ya samaki kwa wakati mmoja, na nilielewa kwa nini pwani hatukuuhitaji: sisi tuna ukwaju, ndimu, mbirimbi na maembe mabichi, uchachu unatudondokea kichwani. Huku lazima mtu aupande.

Shemeji alifika tukiwa mezani, salfa imeshuka, uso umetulia. Alitengewa. Alianza na samaki, akiyasogeza majani pembeni ya sahani. Kisha akamega bukari, ndio ugali wa huku, akachovya mchuzi tu. Akachovya tena. Majani yakaanza kupungua kule pembeni, mimi nikajifanya naangalia simu. Alipomaliza alinawa, akakaa kimya, halafu akamwuliza mwenye nyumba kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za barabara, "Dada, na safari ijayo nikipita, inakuwepo?"